Mawe Kwenye Gunia la Korosho

Mjomba wangu ana redio kaseti ambayo umri wake naukadiria kwa meno: aliinunua akiwa nayo yote. Inakula mawe makubwa sita. Kwa mliokulia kwenye umeme, mawe ni betri. Sheria ya mzee haijawahi kubadilika. Taarifa ya habari, ruksa. Matangazo ya vifo, lazima. Kaseti, mpaka Idi au harusi, kwa sababu "muziki unakula mawe kuliko maiti".

Utotoni nilidhani ni ubahili mtupu. Baadaye fundi mmoja akanifumbua macho: kaseti inazungushwa na mota, na mota hunyonya moto ambao redio peke yake haina haja nao. Kumbe ndiyo maana tulikuwa tunarudisha mkanda nyuma kwa kalamu ya Bic, tukiizungusha kaseti hewani kama watu waliopandisha mashetani.

Kisha ikaja wokimeni. Sony waliitoa Japani mwaka 1979; mimi ilinifikia Newala miaka ya tisini, kaka alipotoka Kariakoo nayo, mkono wa tatu. Mawe madogo mawili tu! Siku ya tatu nikampita mzee wa mtaa bila shikamoo, masikio yamezibwa, kichwa kinatikisika chenyewe. Jioni nikaitwa barazani, na mama akatoa jogoo wa kuombea radhi. Wokimeni ya bure ikawa imenigharimu jogoo, tena, kama mama anavyonikumbusha hadi leo, jogoo wa mbegu.

Lakini hasara yenye jina lake ni ya Oktoba 2018. Nilikuwa nimeshuka Masasi kufuata misumari ya bati (sisi husema nchumali, na wanaotucheka tumeshawazoea). Pale stendi kijana amepanga spika za Kichina, kila moja kama kopo la maziwa ya unga: ina redio, ina tochi, ina tundu la flashi na la memori kadi. "Njomba, hii haitaki mawe. Unachaji tu!" Alianzia 25,000, tukamalizana kwa 22,500.

Pesa yenyewe ilikuwa na historia. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemuuzia mtu wa kangomba kilo 15 za korosho, kilo kwa 1,500. Kangomba ni yule anayekununulia pembeni, nje ya chama, kwa bei anayoijua yeye na njaa yako. Mke wangu aliamini zile kilo bado ziko stoo.

Nikatafuta na fundi wa kuingiza nyimbo, akanijazia kadi ya GB 4. Mwaka 2001 Apple waliuza iPod yao ya kwanza kwa dola 399, wakijinadi kwamba umebeba nyimbo 1,000 mfukoni. Wimbo mmoja ukila MB 4, kadi yangu nayo inabeba hizo hizo 1,000. Njia nzima ya kupanda Newala nilikuwa nikiwahurumia Wamarekani. Nyumbani nikakuta singeli moja imewekwa mara kumi na moja, nyimbo kadhaa zimekatika kiunoni, na karibu kila mmoja katikati yake kuna kijana anapiga kelele kutangaza mahali ulipopakuliwa.

Usiku wa pili, saa nane, sauti ya mwanamke ikasema Kiingereza ndani ya koti langu ukutani.

"Nani huyo?"

"Spika."

"Spika wa Bunge yuko kwenye koti lako?"

Ilikuwa inatoa taarifa kwamba chaji inakwisha. Hakuna aliyeniamini mpaka niwashe tochi yake, na nilipowasha tochi likaja swali la pili: imenunuliwa kwa korosho zipi? Nikasema yote.

Ningesamehewa, nadhani. Ila mwezi huo wakulima waligomea bei za mnadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua yenyewe, kilo kwa 3,300, na malori ya jeshi yatakuja kubeba. Mke wangu hana haja ya kikokotoo. "Kilo 15 ni 49,500. Umenunua kitu cha elfu ishirini na mbili na mia tano kwa elfu arobaini na tisa na mia tano. Na kuchaji dukani ni mia tatu kila siku." Wakati anapiga hesabu hiyo betri ya spika ilikuwa imevimba kama andazi, na kilichobaki kinafanya kazi ni tochi.

Tukarudi kwa redio ya mjomba, maana kila mmoja alitaka kusikia malipo yanatoka lini. Mawe yalikuwa yamechoka. Nikayaanika, kama tulivyofanya miaka yote, kwenye jamvi pembeni ya korosho. Wingu likatanda, watoto wakakimbilia kuzoa, nami nikashona gunia bila kuangalia ndani.

Kule ghalani wakalimwaga kukagua. "Mawe!" mkaguzi akapiga ukelele. Ukumbuke hapo kwetu wapo wanaotia kokoto ili gunia lizidi uzito, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na utani nao. Watu wakanisogea.

"Ni mawe," nikajitetea, "lakini si mawe."

Mwanajeshi aliyekuwa karibu na lori akaja, akaokota moja, akaligeuza, akalitikisa sikioni. "Haya yameshakwisha," akasema, akanirudishia. Kicheko kile kilinisindikiza hadi kwangu.

Mjomba alinisubiri uani. Nikamsimulia. Hakucheka.

"Yote sita yalikuwa na uzito gani?"

"Kama nusu kilo hivi, mjomba."

Akanyamaza, vidole vikihesabu juu ya paja. "Elfu moja mia sita na hamsini," akasema. "Miaka yote redio hii inanila, mpwa wangu. Leo ndiyo kwanza inataka kunilipa, na wewe unakwenda kuisemea."