Kubisha Hodi kwa Mninga: Mhadhara wa Mbao za Gitaa la Umeme

Waheshimiwa mafundi seremala wa Keko, wapiga solo, wapiga ridhimu, wapiga besi, na wewe mama wa chai uliyekuja kuchukua vikombe vyako tu: kaa, elimu haibagui. Yule wa randa, randa iwekwe chini. Mnaniita Dokta. Sikuwahi kuwauliza mlinitunukia wapi, kwa sababu udokta wa mbao hautunukiwi. Unaota wenyewe usiku wa mvua, kama uyoga.

Mada yetu ni ndoa ya mbao. Katika gitaa la umeme bodi ni mume, shingo ni mke, na ule ubao wa vidole uliobandikwa juu ya shingo ni mshenga aliyegandishwa kwa gundi na hataki kurudi kwao. Ukikosea kuozesha hapo, gitaa litanuna maisha yake yote.

Somo la kwanza ni kusikiliza. Nilikwenda Buguruni kwa muuza mbao, nikachagua kipande cha mninga, nikakiinua usawa wa sikio na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Ko. Nikasogeza kidole inchi mbili. Ko. Nikafumba macho. Muuzaji akaacha kuhesabu pesa zake, akaniambia, "Mzee, unabisha hodi? Mwenyewe hayumo." Wapakiaji wakacheka mpaka wakautua mzigo. Sikuwajibu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Somo la pili ni historia, na hapa naomba mwandike. Gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa mafanikio ni lile la Rickenbacker la mwaka 1932, lililopachikwa jina la Kikaango kwa umbo lake. Lilikuwa la alumini tupu. Naona mkono umenyooshwa kule nyuma, unataka kuuliza alumini ni mti gani. Teremsha mkono. Alumini ni mti ambao wataalamu wa misitu hawajaufikia.

Kisha mpiga gitaa Les Paul. Yeye, takriban mwaka 1940, alichukua gogo la msonobari la nne kwa nne, kama nguzo ya banda la kuku, akalifunga nyuzi na pikapu, likalia. Baadaye alikata gitaa la kawaida katikati, akabandika nusu huku na nusu huku ili watazamaji wapate cha kutazama. Sauti ilikuwa ni ya gogo, mbavu zilikuwa mapambo. Wanaonihusudu husema mkasa huu unabomoa nadharia yangu. Mimi nasema gogo lile lilikuwa na kipaji.

Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alitoa gitaa lake la bodi nzima mwaka 1950. Alitumia mti uitwao ashi kwa bodi na mepuli kwa shingo. Mwaka 1956 magitaa yake mengi ya Stratocaster yakahamia kwenye mti wa alda. Mimi nilikuwa nikifundisha kwamba Fender alikesha siku arobaini akisikiliza alda. Baadaye nikasoma kwamba alda ilikuwa inapatikana kwa urahisi na inashika rangi bila kusumbua. Nikasoma pia kwamba Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Kurasa hizo nimezibana kwa klipu.

Watu wa kampuni ya Gibson nao, mwaka 1952, walioza mahogani na mepuli: mahogani chini kwa uzito wa sauti, mepuli juu kwa ukali wake. Ndoa ya fahari! Halafu wakaipaka mepuli yote rangi ya dhahabu, isionekane hata mshipa mmoja. Bibi harusi kavalishwa gunia la dhahabu. Hapo mtaalamu hasemi kitu, hukohoa tu.

Na Brian May wa bendi ya Queen? Mwaka 1963, akiwa kijana, alianza kutengeneza gitaa na baba yake nyumbani. Shingo waliichonga kutoka mahogani ya fremu ya meko ya kuotea moto, mbao ya zaidi ya miaka mia, yenye matundu ya wadudu. Matundu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Alama za shingoni ni vifungo vya lulumizi kutoka kikapu cha ushonaji cha mama yake. Ameizunguka dunia na gitaa hilo. Tangu nijue habari hiyo, kila nikialikwa nyumba ya watu hutazama fremu za milango yao kwa jicho la kitaalamu. Sialikwi tena.

Somo la tatu ni mpingo wetu. Mti huu ukiutupa majini unazama. Ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za okestra za Ulaya, na ni ndugu wa ile miti iitwayo rosewood ambayo watengeneza magitaa wameitumia miaka mingi kwa ubao wa vidole. Mwaka 2017 ukoo huo mzima uliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa, viwanda vikakimbilia mbao nyingine, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa. Katika miaka ile wasikilizaji wa dunia waliandamana? Hawakuandamana. Wala hawakushtuka. Huo ni ushahidi kwamba masikio ya dunia yamekwisha, yamebaki haya yangu mawili.

Sasa tazameni kazi yangu. Bodi ni mkongo. Shingo ni ule mninga wa Buguruni. Ubao wa vidole ni mpingo. Lote lina kilo sita kasoro. Mpiga gitaa aliyelijaribu bega lake la kushoto limeshuka, lakini msimamo wake jukwaani umekuwa wa kifalsafa. Mnaona pia shingo imejipinda kidogo kuelekea magharibi. Msiseme mbao ilikuwa mbichi. Mninga huu ulitoka Tabora, unakumbuka kwao.

Nalichomeka. Tulieni.

Sikilizeni.

Huo ndio tunauita ukimya wa mpingo. Mbao za daraja la juu hazikurupuki kusema. Wewe kijana wa redio, mbona umeinuka? Bisibisi ya nini? Usifungue mgongo wa gitaa mbele ya wanawake na watoto!

Anasema waya wa pikapu umekatika. Anasema pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, uzi wa chuma ukitikisika juu yake unazaa umeme, na kwamba mwanasayansi Faraday alishalionyesha jambo hilo mwaka 1831. Anasema pikapu haina sikio la kusikiliza mti. Mwanangu, lehemu ukiwa umefunga mdomo, moshi usikuingie.

Bado anaongea. Anasema yeye angechagua mbao kwa mambo manne: iwe imekauka vizuri, shingo isipinde, isimvunje mtu bega, na impendeze atakayeinunua. Akishapata hizo, pesa inayobaki anunulie pikapu nzuri na nyuzi mpya. Mnaona jinsi elimu ya rejareja inavyoharibu vijana? Kilo, unyevu, bei! Hakuna roho hata moja katika orodha yake. Mama wa chai, usitikise kichwa kumkubalia, utamwaga vikombe.

Haya, amemaliza. Piga uzi.

Aaah!

Mmesikia? Mmesikia unavyolia? Kijana, ondoa hiyo bisibisi, watu wasije wakadhani ni wewe. Na mtakaopita Buguruni jioni hii, mkamwambie yule muuzaji kwamba siku ile nilipobisha, mwenyewe alikuwamo. Alikuwa anasubiri umeme tu.