Kusudi kwa Kiingilio

Akina mama, mnaitwa kwenye semina ya kugundua kusudi la Mungu. Kiingilio shilingi 50,000, chakula juu ya waandaaji. Jirani yangu haendi. Ana uji jikoni. Huku akikoroga, anamfundisha kitinda mimba wake kuombea chakula. Juzi mtoto akaongeza ombi lake: Bwana amkumbushe mama wa mlango wa pili kurudisha sukari. Kwa jina, dirisha wazi! Sukari ilirudi uji ungali wa moto.

Paulo alipomwandikia Timotheo alitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Cheti cha semina hakukiulizia. Mnenaji wetu mkuu ni baba mchungaji. Wanawe, nasikia, hufundishwa kusali na dada wa kazi, ambaye hakupewa ruhusa ya kuhudhuria semina.