Fadhila za Garimoshi Lililokufa

Garimoshi lililokufa ni chombo cha reli kilichokoma kufanya kazi, kikaachwa nje kinyeshewe mvua na kupigwa jua. Wapita njia wengi hulihesabu kuwa skrepa. Ni dharau isiyo na msingi, kwa sababu kwa adabu, uvumilivu na ukarimu limelipita mbali garimoshi lililo hai, na shahidi mzuri wa jambo hili ni mkazi wa Mkoa wa Mara.

Garimoshi hai halijawahi kumjali mtu wa Mara. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901; tawi la Reli ya Kati likafika Mwanza mwaka 1928. Musoma, iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria kama miji hiyo miwili, ikaachwa katikati na kupelekewa meli za shirika la reli, yaani ilipata kila kitu cha shirika isipokuwa reli. Bunda hata meli haikuletewa. Butiama ilimtoa Rais wa kwanza wa nchi, lakini reli kubwa iliyojengwa katika utawala wake, TAZARA, ikashika njia ya Zambia. Reli ya kutoka Arusha hadi Musoma imekaa kwenye mipango kwa miaka mingi, na huko kwenye mipango haijapata ajali hata moja.

Garimoshi lililokufa halina ubaguzi huo. Anayepanda basi Musoma, akapita Tarime, akavuka mpaka Sirari na kushika njia ya Migori na Kisii, hatimaye hufika Nairobi, na karibu na stesheni ya zamani atayakuta Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Uani vimesimama vichwa vya treni, majani yameota kati ya mataruma, vinamsubiri. Hata akikwama mpakani kutwa nzima, atavikuta.

Wakubwa wao ni Garratt wa daraja la 59, walioundwa na Beyer, Peacock wa Manchester. Viliundwa vichwa 34 katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 250 hivi na magurudumu 28, na ndivyo vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote vilivyopata kutembea juu ya reli za upana wa mita moja. Boila imebebwa katikati ya mitambo miwili, na kila mtambo hujipinda kivyake, ndiyo maana mwili mrefu namna ile uliweza kukata kona za kupanda bara kutoka Mombasa. Enzi za uhai wa kichwa kama hicho, mtu asiye na kazi nacho angefukuzwa kabla hajakigusa. Sasa mgeni anapanda ngazi hadi chumba cha dereva, anajaribu wenzo uliogoma miaka mingi, anachungulia tanuri lililokuwa likichoma mafuta mazito, kisha anashuka na viganja vyekundu. Hiyo ni kutu, nayo inastahili sifa zake: rangi ya maruni ya shirika ililipiwa fedha, kutu imejipaka yenyewe bure, na haikuuliza lipi ni behewa la daraja la kwanza na lipi la tatu.

Vichwa hivyo 34 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vilivyosalia ni viwili tu, na milima yote miwili iko Tanzania: Gelai, jirani na Ziwa Natron, na Shengena wa Upare. Uani humo kuna pia kichwa kiitwacho Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wakubwa waligombania mabehewa, meli na ndege. Gelai, Shengena na Nyaturu hawakudai mgawo wala kuomba pasipoti. Wako Nairobi mpaka leo na hakuna aliyewafukuza.

Usalama nao usisahauliwe. Katika makumbusho hayo limehifadhiwa behewa ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall alijilaza Juni 1900, katika stesheni ya Kima, akimvizia simba mla watu. Usingizi ukampitia. Simba akaingia mlangoni, akatoka naye dirishani. Wakati huo behewa lilikuwa zima na lenye kazi. Tangu listaafu halijapoteza abiria hata mmoja. Mtu wa Bunda, aliyepakana na Serengeti, anajua uzito wa takwimu hiyo.

Wapo wanaolalamika kwamba garimoshi la namna hii halimfikishi mtu popote. Hao ni watu wa Mwanza na Kisumu, waliodekezwa. Musoma hakuna aliyewahi kufikishwa na garimoshi, kwa hiyo mgeni kutoka Mara hapungukiwi kitu: akishamaliza kutazama, hunawa kutu mikononi na kwenda kukata tiketi ya basi la Sirari.