Chambo cha Kumnasa Mvuvi

Majira ya vuli, kule Montauk, ncha ya mashariki ya Long Island huko New York, utamkuta mvuvi kasimama juu ya mwamba usiku wa manane, wimbi likimpiga kiunoni, begi limemlemea bega. Ndani mna vyambo bandia vya kutosha kufungulia duka: vya mbao, vya plastiki, vya chuma, vingine vimepakwa macho mazuri kuliko ya samaki mwenyewe. Cha waridi ni cha maji machafu, atakwambia. Cha zambarau, cha usiku wa kiza. Haya, mzee. Maji humeza rangi, nyekundu ikitangulia, na gizani samaki hufuata zaidi kivuli na mtikisiko. Lakini muuza duka hajawahi kumwuzia samaki kitu.

Mwishowe anafunga kile kile cha siku zote: kichwa cha risasi na kishungi cheupe cha mkia wa kulungu. Akimpata besi mwenye mistari, tangu 2023 sheria inamruhusu mmoja kwa siku, wa inchi 28 hadi 31. Aliyezidi hurudishwa majini, na mvuvi naye hurudi dukani kuulizia rangi inayopendwa na wafupi.