Mwongozo wa Nyongeza kwa Mtumishi Mgeni Bariadi

Hongera kwa kupangiwa Bariadi. Utashuka kwenye basi la Mwanza ukiwa na begi, barua ya ajira na hesabu za kichwani. Hesabu hizo zisubirishe kidogo, usome haya kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

Anza na neno nyongeza, maana hapa lina maana mbili. Ya kwanza ni ya sokoni. Salimia "mwangaluka", nunua fungu la nyanya la 500, halafu useme, "Mama, niongeze." Mama ataguna, atakuita mwalimu hata kama wewe ni nesi, kisha ataokota nyanya moja iliyoanza kulainika na kukutumbukizia kwenye mfuko. Nyongeza hiyo haikatwi kodi wala haisubiri Julai.

Ya pili ni ya Mei Mosi. Hii hutangazwa kwa asilimia, hushangiliwa na watu wenye fulana mpya, kisha hutembea miezi miwili kabla ya kufika benki. Katika miezi hiyo usihangaike kumficha mwenye nyumba. Ana redio.

Mgeni huumizwa na asilimia. Mei Mosi 2022, pale Dodoma, Rais Samia aliwaambia wafanyakazi kwamba lile jambo lao lipo. Kweli lilikuwapo: kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3, kutoka 300,000 hadi 370,000. Julai ilipofika, mshahara ukasoma, na wengi waliokuwa juu ya kima hicho wakakuta wameongezewa elfu ishirini hivi. Zikapigwa kelele nchi nzima. Serikali ikaeleza kuwa asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini. Maneno "kima cha chini" yalikuwapo tangu Mei. Yalimezwa na makofi.

Hiyo elfu ishirini nayo usiitie mfukoni haraka. Tuseme una shahada uliyosomeshwa kwa mkopo, na mshahara wako uko kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 25. Bodi ya Mikopo inachukua 3,000, mfuko wa pensheni 1,000, bima ya afya 600, chama cha wafanyakazi 400, kodi 4,750. Inabaki 10,250. Tafadhali usiziite vijisenti. Neno hilo mkoani hapa lina mwenyewe: mwaka 2008 aliyekuwa mbunge wa Bariadi Magharibi, Andrew Chenge, alilitumia kwa fedha zilizozidi dola milioni moja.

Sasa utauliza kama mshahara unakwenda sambamba na bei. Inategemea unaanza kuhesabu lini, na anayekujibu bila kukutajia mwaka anakuchezea. Kima cha chini kilikaa kwenye 300,000 tangu 2015, miaka ile ya "vyuma vimekaza", huku mfumuko ukitembea kati ya asilimia 3 na 5 na ushee kila mwaka. Zidisha mwaka kwa mwaka: kufikia 2022, ili kununua kilichonunuliwa kwa 300,000, ulihitaji karibu 400,000. Ile 370,000 iliyoshangiliwa ilikuwa bado inakimbiza basi. Mei Mosi 2025, mjini Singida, kikatangazwa kima cha 500,000 kuanzia Julai, nyongeza ya asilimia 35.1. Kwa hesabu ileile bei zilikuwa zimefika 440,000 hivi. Haki isemwe: hapo mtu wa chini kabisa alilipita basi. Wa katikati asijitie kwenye sherehe hiyo mpaka aone hati yake.

Ukiambiwa mfumuko ni asilimia 3, usibishe. Kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu la kupimia mfumuko lina bidhaa na huduma 383, na chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Kapu lako lina unga, mchele, dagaa, mafuta, mkaa na vocha, na chakula pekee huenda kinakula nusu yake. Tena bei hapa hupanda kwa namna ya adabu: fungu la nyanya litabaki 500, ila zilizokuwa tano zitakuwa nne, halafu tatu na kijinyanya kimoja juu kama kilemba. Andazi nalo litabaki na bei yake na kuachia unga.

Angalia na kalenda. Ununuzi wa pamba hufunguliwa Mei, na nyongeza yako huingia Julai, hivyo mji mzima unashika hela kwa pamoja, na wenye vyumba wanalijua hilo kuliko wachumi.

Ila usimwonee wivu mkulima. Bei elekezi ya kilo ya pamba ilikuwa 1,100 mwaka 2018. Ikaruka hadi 1,560 mwaka 2022, mwaka uliofuata ikaanguka hadi 1,060, na 2024 ikawa 1,150. Shilingi hamsini kwa miaka sita! Yeye hana Mei Mosi. Ana mizani ya chama cha ushirika (AMCOS) na mvua.

La mwisho, ambalo wageni hawapendi kuambiwa. Baada ya miezi michache utatafuta dada wa kazi, na utakuwa mwajiri. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka 60,000 kwa mwezi kwa dada anayeishi nyumbani kwa mwajiri, kutoka 40,000 ya mwaka 2013. Kabla hujaandika neno kwenye kundi la watumishi kuhusu nyongeza, jiulize yako wewe unayompa ni ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Yeye ndiye anayetumwa sokoni. Ukitaka kujua fungu sasa lina nyanya ngapi, muulize yeye.