Piga Rangi Kirikuu Yako Uani, Jirani Atafute Miwani

Mwongozo huu wa kupaka gari kwa rola ni wa mtu mwenye Kirikuu iliyopauka, ua wenye nafasi ya gari moja, na mfuko ambao fundi wa gereji ya kisasa akiupima kwa macho anaendelea na simu yake. Nazungumzia Suzuki Carry na wenzake, vile vigari vya mizigo vya Kijapani vya cc 660 vinavyobeba magodoro asubuhi, matikiti mchana na ngoma za harusi jioni. Nimevichagua makusudi. Urefu wake haufiki mita 3 na nusu, bati lake kwa sehemu kubwa limenyooka, na mwanya wa kukosea ni mdogo. Anayejifunza kazi hii aanze na Kirikuu kabla hajaigusa Crown ya shemeji yake.

Watakaokuja kukuangalia watakuwa wengi, na wa kwanza atakuambia, "Jirani, rola ni ya ukuta." Mjibu kwa adabu na historia. Magari ya mwanzo yalipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na gari moja liliweza kukaa kiwandani wiki kadhaa likisubiri kukauka. Foleni hiyo ndiyo iliyowasukuma General Motors na DuPont kuleta Duco mwaka 1923, rangi ya kupuliza inayokauka kwa muda mfupi. Bunduki ya rangi ilishika kazi kwa sababu kiwanda kilikuwa na haraka. Wewe uani kwako huna magari elfu yanayosubiri nyuma. Unalo moja, na haraka yako waweza kuiahirisha.

Hesabu nzima ya kazi hii iko hapo. Unachookoa ni pesa ya kompresa, ya chumba cha kupulizia na ya fundi. Unacholipa badala yake ni mabega yako na siku zako. Anayetaka kuokoa vyote viwili, aanze Jumamosi mchana na Jumatatu awe barabarani, atapata gari lenye rangi mpya na kutu ya zamani, na masika ya kwanza yatalivua nguo.

Bajeti ikibana, wengi hukata pesa ya msasa ili waongeze ya rangi. Fanya kinyume. Kopo la lita 4 la rangi ya mafuta, ile ile ya mageti na madirisha, linaitosha Kirikuu na kubaki la kuzibia mikwaruzo ya baadaye. Msasa hauna kubaki. Nunua namba 80 na 180 kwa ajili ya kutu na bodifila, 320 au 400 kabla ya rangi, 800 wa maji kwa katikati ya tabaka, na 1500 pamoja na 2000 kwa kumalizia. Msasa uliokwisha meno haukwangui, unapapasa tu, na anayeuonea huruma anachosha bega lake bure. Ongeza rola ndogo za inchi 4 za sponji iliyobana, siyo zile za manyoya ya ukutani, brashi moja laini, tapentaini, na tepu ya karatasi ya mafundi rangi.

Tepu hiyo usiidharau, imezaliwa gereji. Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M huko Minnesota, Marekani, alikuwa akipelekea mafundi sampuli za msasa wa maji, akawakuta wanalaani. Magari ya rangi mbili yalikuwa yamekuwa mtindo, na kila walipobandua karatasi walizoziba nazo, rangi iliyokwisha pakwa iling'oka nazo. Mwaka 1925 akawaletea tepu inayoshika na inayokubali kuachia. Kwa hiyo usinunue ile ya kufungia maboksi kwa sababu ni rahisi zaidi. Utamrudia fundi wa 1924 na matusi yake.

Dukani muuzaji atakuonyesha pia rangi ya makopo mawili, ya kuchanganya na hadena. Inang'aa kweli, na ndiyo inayotumika kwenye gereji nyingi nzuri. Kwa kazi ya uani iache pale pale kwenye rafu. Hadena nyingi za aina hiyo zina aisosianeti, kemikali zinazoweza kumwachia mtu pumu, na mwili ukishazikataa mara moja, kiasi kidogo tu cha baadaye kinatosha kukibana kifua. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Mafundi wanaofanya kazi hiyo inavyotakiwa huvaa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Wewe uani kwako una bibi anayeota jua, mtoto anayetambaa na jirani aliyeanika nguo. Hakuna mng'ao wa Kirikuu unaostahili mapafu ya mtu yeyote kati ya hao. Rangi ya mafuta nayo ina harufu kali, kwa hiyo paka penye hewa, na jiko la mkaa lisiwe karibu na kopo wala tapentaini.

Rangi za metaliki pia zipite. Zina chembe za alumini zinazotakiwa kulala sawasawa, na rola huzilaza kila moja upande wake, gari likatoka na mabaka. Nyeusi inapendeza, lakini inaonyesha kila bonde la bati na inavuta joto ambalo dereva wa Kirikuu, anayekalia injini, tayari analo la kutosha. Ushauri wangu ni nyeupe. Inasamehe mawimbi, inapatikana kila duka, na ukichubua mlango hutahangaika kutafuta kopo linalofanana.

Sasa vua gari vyote linavyoweza kuvua: taa, waipa, nembo, vishikio vya milango, kibao cha namba. Skrubu ziweke kwenye kopo lenye mfuniko, maana kuku wa uswahilini wanadonoa kila kinachong'aa. Osha kwa sabuni ya vyombo mpaka maji yateleze yote kwa pamoja bila kugawanyika. Mafuta, grisi na hasa zile dawa za kung'arishia dashibodi na matairi ndizo adui. Zikibaki hata kidogo, rangi inajitenga na kuacha vitobo vya duara, na hakuna tabaka la juu litakalovijaza. Kama una desturi ya kufuta gari kwa dizeli ling'ae, leo ndiyo siku ya kulipa, kwa sabuni na mikono.

Kutu ndiyo moyo wa kazi. Kirikuu iliyokaa Tanga au Kigamboni, inayopakia samaki na barafu yenye chumvi, huoza kuanzia kwenye maungio ya bodi, chini ya milango na pembeni mwa kioo cha mbele. Kilichovimba juu ya rangi ni sehemu ndogo ya kilichooza chini yake. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa 80 mpaka uone chuma cheupe, kisha endelea kidogo zaidi pembeni. Rangi ikipakwa juu ya kutu haiisimamishi, kwa sababu unyevu na hewa vimo ndani tayari na kazi inaendelea gizani. Penye tundu, tafuta mchomeleaji akaweke kiraka cha bati. Najua kuna wanaoziba tundu kwa gazeti na bodifila juu yake. Bodifila hunyonya maji, na gazeti ndilo linaloyapokea. Kiraka hicho kitadondokea barabarani siku umempakia mteja wako mkubwa kuliko wote.

Bodifila yenyewe ichanganye kidogo kidogo. Joto la Dar es Salaam huiharakisha kuganda, na ukitengeneza nyingi itakuwia jiwe kabla hujamaliza mlango. Ikikauka, msasa ufungwe kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Vidole vikiushika peke yao vinachimba mifereji ambayo jicho haliioni leo. Funga macho, pitisha kiganja ukiwa umekiweka bapa, na kiganja kitakuambia penye bonde. Ukisikia kitu, rudia. Ninakuomba hapa kwa dhati kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochoka, na rangi inayong'aa haimfichii mtu mawimbi, inamwitia mashahidi.

Chuma kilichobaki uchi kipate praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, ile nyekundu ya mafundi mageti inatosha, kisha isuguliwe kwa msasa 400. Usiiache praima nje kwenye mvua kwa kuwa inapitisha maji. Sakafu ya bodi, panaposuguliwa na makreti kila siku, ipe praima na tabaka moja la rangi, yatosha.

Siku ya rangi, kaa mbali na mwembe. Kivuli chake kizuri, ila utomvu, sisimizi na ndege wamo ndani ya kifurushi. Funga turubai juu, mwagia maji uwanja ili vumbi litulie, subiri umande ukauke, kisha ziba vioo kwa tepu kabla hujaanza. Ukipaka bati likiwa na unyevu, rangi inafifia. Ukipaka jua la saa saba, inakauka kabla haijajilaza. Saa tatu asubuhi, kabla upepo haujashika kasi, ndio wakati. Na usianze kazi hii masika.

Punguza rangi kwa tapentaini, kidogo kidogo, mpaka iwe nyepesi kama maziwa mabichi. Tabaka la kwanza litakukatisha tamaa: litaonyesha praima, litakuwa na madoa, na jirani atapita tena. Liache hivyo hivyo. Rangi nzito ndiyo inayotiririka na kubakiza chunusi za rola. Anza juu ya kibanda, shuka mlango mmoja mmoja, malizia upande mzima kabla hujasimama. Mapovu yakitokea, pitisha ncha ya brashi laini juu yake bila kukandamiza. Kesho yake paka tena. Kila baada ya tabaka mbili zilizokauka vizuri, sugua kwa msasa 800 na maji yenye tone la sabuni, futa, endelea. Tepu bandua wakati rangi ya mwisho bado laini, ukiivuta taratibu kwa pembe, na usiiache juani kwa siku nyingi, maana gundi itabaki kwenye kioo.

Tina ya rangi za gari isikaribie kazi hii. Ikimwagika juu ya rangi ya mafuta, itaivimbisha na kuikunja. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ukipata pesa ya kupiga rangi gereji, mwambie fundi ukweli kuhusu ulichopaka, ili akikwangue chote kabla hajapuliza cha kwake. Rangi ya mafuta haiko sawa na ya kiwandani. Itapauka mapema juani, na petroli ikidondoka pembeni mwa mdomo wa tangi italainisha hapo, kwa hiyo futa papo hapo. Ila inalinda bati, na inamwacha mwenye gari akijua kila inchi ya gari lake.

Rangi itachukua wiki kadhaa kukomaa. Ndani ya muda huo shemeji atakuja kuomba Kirikuu ya kubebea matofali. Mkatalie kwa upendo. Mwezi ukipita, pitisha msasa 1500, kisha 2000, kwa maji mengi, halafu polishi kwa kitambaa laini, na hapo ndipo mng'ao utakapotokea.

Matambara yenye rangi ya mafuta usiyarundike stoo. Rangi hiyo hukauka kwa kunyonya hewa ya oksijeni na kutoa joto, na joto likikosa pa kutokea, rundo linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Yatandaze nje moja moja mpaka yakauke kabisa, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Na kama Kirikuu uliitoa kwenye bluu ukaipeleka kwenye nyeupe, kumbuka kuwa rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi yake. Nenda TRA ukaombe mabadiliko yaingizwe, au NTSA kama uko Kenya. Fanya hivyo kabla hujapakia mzigo wa kwanza, kwa sababu trafiki atakayekusimamisha atasoma kadi na hatakuuliza ulisugua siku ngapi.