Leso ya Kogo na Uso wa Binti Yetu

Leso ya kogo, nyanya wa binti yetu, ilikuwa ya zambarau iliyokolea. Asubuhi ile mwezi wa Agosti, tulipoianika kwenye seng'enge, ilikuwa na madoa meupe matano, kila moja ukubwa wa sarafu. Binti yetu alikuwa ameilalia usiku. Kogo akayagusa, akanyamaza, kisha akasema neno lililotupotezea miezi mitatu: "Dawa inayokula rangi ya nguo itauacha uso wa mtoto?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikauchukua ule mrija wa jeli ambao baba yake aliununua kwa kemisti mjini Litein, nikautupa chooni.

Binti alikuwa na miaka 15. Chunusi zilianza kwenye paji la uso, zikashuka mashavuni hadi kidevuni, nyingine zina usaha, na kila iliyokauka iliacha doa jeusi. Kwetu upande wa Mogogosiek, majani chai yamefika hadi ukutani mwa nyumba, na mtoto ni wa ukoo mzima. Kogo alimpaka yale mafuta tunayotumia kukamulia ng'ombe. Mikono iliyopasuka kwa baridi ya asubuhi huponywa nayo vizuri sana, lakini uso wenye chunusi una mafuta yake tayari. Mjomba akaleta ndimu na chumvi. Siku hiyo mtoto alilia, nami nikalia naye. Jeli ya baba ilikuja ya tatu.

Bonasi ya chai ya Oktoba ikaingia, na shangazi yake akaja kutoka Nairobi na kikopo kidogo kisicho na maandishi. Kwa siku kumi tuliona muujiza: uso ukalainika, ukang'aa, mtoto akaanza tena kusimama mbele kwaya ikiimba. Kufikia wiki ya sita, ngozi ilimwaka kila alipotoka juani kuchuma majani siku ya Jumamosi, na vipele vidogo vinavyofanana vikajaa hata pale ambapo hapakuwa na chunusi. Akiacha kupaka, vinafumuka; akirudia, vinatulia. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Tabibu wa kituo cha afya aliutazama uso ule dirishani kwenye mwanga, akauliza tumepaka nini. Nikamtolea vilivyobaki mfukoni. Kikopo cha shangazi akakiweka kando. Alisema uso wa namna hii ameuona mara nyingi, na kwamba kwa dalili zile krimu ina steroidi, dawa ya ukurutu inayotakiwa kutumiwa kwa siku chache na kwa ushauri wa daktari. Huzima uvimbe upesi, ndiyo maana inawavuta watu, kisha hukondesha ngozi na kuzaa vipele vyake yenyewe. Tena kikopo kisicho na maandishi huenda kikawa na zebaki au haidrokwinoni, ambazo Shirika la Viwango la Kenya limezipiga marufuku katika vipodozi.

Nikamweleza habari ya leso. Akatikisa kichwa kwa huruma. Ile iliyo chooni, benzoili peroksaidi, ndiyo iliyokuwa dawa. Hutoa oksijeni inayoua bakteria wa chunusi ndani ya vinyweleo, na nguvu hiyohiyo huchujua rangi ya kitambaa. Rangi ya ngozi haichujui. Kosa letu lilikuwa kununua ya asilimia 10 na kuipaka kama mafuta ya mwili, asubuhi na jioni, hata ngozi ikabambuka. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na haichomi vile.

Uso ulipumzishwa kwanza. Kisha jeli kiasi cha punje ya minji, ipakwe uso mzima ukiwa mkavu, usiku mmoja ndiyo, mwingine hapana. Majuma 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu. Madoa meusi yangechukua miezi zaidi, na kofia pana juani ilikuwa lazima.

Juma la nne hapakuwa na badiliko, na binti alitaka kuacha. Baba yake akamshika mkono, akampeleka kwenye shamba la juu tulilolipogoa mwaka huo, ambalo lilikuwa limebaki vijiti vitupu. "Hapa hatukuchuma chochote miezi mitatu, mama," akamwambia. Chipukizi za kwanza zilikuwa zimeanza kutoka, wakazitazama pamoja mpaka mvua ya alasiri ikawafukuza.

Jioni hiyo kogo alitoa shuka lake jeupe la wageni, akalikata, akashona foronya mbili kwa mkono. Leso yenye madoa bado anaivaa, hata kanisani.